Paja Halina Pointi

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeshaachana na ile fimbo ya pili, unatembea na moja tu kama daktari alivyoahidi. Msalimie sana dada, binti yako, hapo kwako, mwambie koti alilonitumia limenifaa, ila mikono ilikuwa mirefu, nimeikata na kuishona upya. Sisi huku wazima. Mama analalamikia magoti akipanda ngazi, akishuka halalamiki, kwa hiyo tumejua nusu ya ugonjwa wake ni hasira. Karakana yetu imepata kazi kubwa, viti vyote vya ukumbi wa sinema: tunavua ngozi ya zamani, tunabadilisha sponji, tunavalisha upya. Ndani ya kimoja tumekuta meno ya bandia, ya juu tu. Bosi ameyaweka dirishani, anasubiri mwenyewe ajitokeze na tabasamu la nusu.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Nimeacha kendo, upanga wa mwanzi nimeutundika. Tangu mwaka uanze nafanya iaido kwa Kinyozi, kwenye chumba kilicho juu ya duka lake. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine, maana najua habari zinavyokimbia kwetu.

Naomba usiniulize sana. Nimechoka na kelele, basi. Na umri nao unakwenda. Mwanamke wa miaka thelathini na mbili akirudi nyumbani kila Jumamosi na mikono iliyovilia damu, majirani wanaanza kumtafuta mume wake ili wamsute, na mume mwenyewe hayupo.

Mama anakusalimu.

Mpwa wako


24 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Fimbo bado ni mbili. Lifti imekufa tena, na mimi niko ghorofa ya saba kama kuku aliyetiwa kwenye tenga la juu. Dada yako anaondoka asubuhi kwenda kukagua tiketi za watu kwenye treni, akirudi hana hamu ya kuona uso wa mtu yeyote, hata wangu. Nashinda na mpini wa ufagio, napiga mapigo yangu kama kawaida, na jirani wa chini anagonga dari lake kunijibu. Huyo ndiye mpinzani pekee niliyebakiwa naye.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaikunjua nikaisoma tena, nikidhani nimeruka mstari. Kinyozi? Wewe?

Nilikufunga kofia ya chuma kwa mikono yangu mwaka ule tuliomzika baba yako. Ulikuwa huongei. Mama yako alidhani umerogwa. Siku ya kwanza uliponipiga kichwani ulitoa ukelele mpaka njiwa wakatoka darini, na tangu siku hiyo ukaanza kuongea tena, na hujanyamaza mpaka leo. Leo unaniambia umechoka na kelele?

Nikueleze kana kwamba hukulelewa ukumbini kwangu. Mtu wa iaido anapiga magoti peke yake, anachomoa upanga, anamkata adui asiyekuwepo, anakung'uta damu isiyokuwepo, anarudisha upanga alani, anainama. Vizuri sana. Hata mimi nikiwa bafuni ni bingwa wa dunia. Kwenye kendo kuna mtu mbele yako. Amekupiga au hakukupiga. Mahali pa kupiga ni panne tu: kichwa, kifundo cha mkono, ubavu na koo, na pote panne pana kinga. Kwingine kote hakuna pointi, ni aibu. Ndiyo maana watu wanapigana miaka thelathini na bado wanakula sahani moja.

Kinyozi namfahamu kabla hujazaliwa. Sote wawili tulifundishwa na yule Mhandisi Mjapani tuliyejenga naye daraja. Mhandisi alipoondoka alimwachia Kinyozi upanga wa chuma, na mimi akaniachia kofia yenye ufa. Sisemi zaidi ya hapo.

Mwanangu ameniandikia. Anasema umekuwa mvivu, unachelewa, na ulipoonywa ukanuna. Nilimwachia yeye funguo za ukumbi kwa sababu nilijua wewe utakuwa mkono wake wa kulia. Rudi. Sitaki maelezo, nataka urudi.

Mjomba wako


17 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa lifti. Mama ameanza dawa ya kuchua, nyumba nzima inanuka kama chumba cha wachezaji wa mpira. Mwenye meno hajatokea.

Kwa hiyo Kapteni ameshakuandikia kwamba mimi ni mvivu. Sawa. Mvivu huyu ndiye aliyekuwa anashona glavu za ukumbi mzima bila kulipwa hata soda, anatia viraka kwenye kinga, anabadilisha kamba. Kapteni ni mwanao, na mimi ulinilea kama baba. Lakini barua yake moja imetosha kufuta miaka ishirini.

Unauliza Kinyozi ana nini. Nikuambie. Chini wanakata nywele, juu kuna chumba chenye sakafu ya mbao na dirisha moja. Tuko watano. Mwanzoni alinipa upanga wa mbao, sasa nina wa chuma butu, usiokata hata mkate. Nakaa kwa magoti. Nautoa taratibu, kwa mkono wa kulia, huku mkono wa kushoto unairudisha ala nyuma. Nikikosea, Kinyozi hasemi. Anakaa karibu nami, anafanya lile pigo yeye, kisha ananitazama. Nikikosea tena anafanya tena. Hajawahi kumgusa mtu. Siku moja nilimuuliza mbona hanikaripii. Akasema, "Ningekukaripia ungesikiliza sauti yangu, usingesikiliza mkono wako."

Unacheka adui asiyekuwepo. Mimi adui huyo nampenda, mjomba. Hana mkono mzito.

Na wewe uliyeko ghorofa ya saba, kabla ya kuniambia nirudi, muulize mwanao mbona ukumbi ulikuwa na watu ishirini na kitu na sasa hawafiki kumi. Muulize binti wa mfamasia yuko wapi. Mimi mama amenikataza kusema, na mama yangu ni dada yako, kwa hiyo nimekatazwa mara mbili.

Mpwa wako


9 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika. Nilianguka bafuni lakini sikuvunjika. Dada yako amenifungia vyuma vya kushikilia ukutani, sasa naoga kama abiria wa basi.

Usinitupie mafumbo. Mafumbo ni ya watu wanaoogopa, na mimi sikukulea uogope. Nimemuuliza mwanangu kama ulivyotaka. Amesema watu wamepungua kwa sababu siku hizi watu ni laini, wanataka kupanda daraja bila jasho. Binti wa mfamasia aliteleza kwenye ngazi za ukumbi akaumia mkono, anauguza. Na amesema jambo lingine ambalo sikutaka kulisikia: kwamba wewe una kinyongo tangu nimpe yeye funguo.

Nilikataa kuamini. Kisha nikasoma barua yako tena. "Barua yake moja imetosha kufuta miaka ishirini." Hayo ni maneno ya nani, kama si ya mtu mwenye kinyongo?

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sikukuchelea, wala yeye sikumchelea, na ninyi wawili mmesimama wima kwa sababu hiyo. Ukumbi unahitaji mkono mgumu. Kama alikupiga ukaumia, sema aliniumiza, funga kidonda, rudi Jumamosi. Usikimbilie kwa vinyozi ukaniletea falsafa.

Sema neno lenyewe, au funga hiyo mada.

Mjomba wako


2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajui kama nakuandikia. Leo sina habari za viti wala magoti.

Umesema niseme neno lenyewe. Haya.

Tangu ulipoondoka, Kapteni ana mchezo anaouita kukomaza. Anamchagua mtu mmoja, anamsimamisha katikati, wengine wote tunakaa pembeni kwa magoti. Anapigana naye mpaka mtu huyo achoke, na akishachoka ndipo anaanza. Anampiga juu ya kiwiko, ambako hakuna kinga. Anampiga mapajani. Anamchoma chini ya kinga ya koo, upanga uingie kwa chini. Mtu akianguka anaambiwa ainuke aseme asante. Na wanasema asante, mjomba, kwa sababu wewe ndiye uliyetufundisha kusema asante kwa anayekufunza.

Alianza na wanaume. Dereva wa lori la kokoto, unamjua, mtu wa kujaza mlango, alikojoa damu siku mbili. Alinyamaza kwa sababu ni mwanaume. Baadaye Kapteni akaona wasichana hawanyamazi vizuri, akataka kuwafundisha.

Binti wa mfamasia ana miaka kumi na sita. Jumamosi ile ya kabla ya mwaka mpya Kapteni alimpiga mkono ule ule wa kushoto, mahali pale pale, mpaka akaudondosha upanga. Akamwambia uokote. Akauokota kwa mkono mmoja. Kapteni akaupiga tena mkono ule ulioumia. Sote tulisikia. Mfupa una sauti yake, haufanani na mwanzi.

Nilikuwa nimeshavua kofia, kwa sababu zamu yangu ilikuwa imepita. Niliinuka nikasimama kati yao. Nikamwambia, "Kaka, inatosha." Akanipiga mimi. Hakusita. Sikio la kushoto, kichwa kitupu, kwa nguvu zake zote. Ngoma ya sikio imepasuka. Daktari anasema huenda nitasikia nusu, huenda nisisikie kabisa. Usaha ulitoka mpaka mwezi wa pili. Ukiniuliza kwa nini nimechoka na kelele, jibu ni kwamba kila ukelele ukumbini unaingia kwenye sikio hilo kama msumari.

Baadaye alimbeba binti hadi ngazini, akamkalisha pale, akamwambia, "Umeteleza." Akamwambia pia kwamba wanaopeleka maneno nyumbani hawatapanda daraja maisha yao yote. Mtoto akamwambia baba yake ameteleza.

Mama alinishika mikono akaniambia, "Funika kombe mwanaharamu apite. Kaka yangu ndiyo kwanza amepasuliwa nyonga, ukimwambia hili utamuua." Nikafunika. Nikakuandikia kwamba sisi huku wazima.

Sasa umeambiwa. Kaa nalo huko juu.

Mpwa wako


30 Mei

Barua yako imefika.

Mwanangu si mnyama. Namjua tangu kitovu. Mfamasia ana ulimi wake na hajalalamika. Wewe umekuwa wakili wake tangu lini? Ulijiingiza katikati ya mapambano bila kofia, kosa ambalo hata anayeanza leo halifanyi, ukapigwa, sasa unatafuta wa kumlaumu. Sikio litapona.

Usiniandikie tena.


8 Septemba

Mjomba,

Umenikataza nisikuandikie. Nimekutii tangu Juni mpaka leo, na sasa utii umekwisha.

Dereva wa lori anakusalimu. Mama hakusalimu, wala mimi hanisalimii. Tangu Jumamosi ananisemesha kwa sufuria. Akiweka sufuria polepole maana yake chakula kipo. Akiibamiza maana yake chakula kipo lakini nijue nilichokifanya. Nakueleza nilichokifanya kabla hujaelezwa na mwanao.

Mwezi wa nane binti wa mfamasia alikuja karakana. Plasta imetoka, mkono umekonda, haunyooki mpaka mwisho. Nikamwambia, njoo kwa Kinyozi, ni mahali pazuri, hakuna atakayekugusa. Nikampeleka. Alikaa pembeni, akatutazama kipindi kizima bila kupepesa. Tukitoka akasema, "Dada, pazuri. Lakini hapa hakuna wa kumpiga."

Nikacheka, kisha nikaona yeye hacheki. Akasema, "Mimi napenda kendo. Nilikuwa naiweza. Kwa nini yeye abaki na ukumbi, mimi niende kutafuta kitu kingine cha kupenda?"

 Nilimtafuta Kinyozi chini, alikuwa anamnyoa mtu ndevu, nikamweleza. Hakuacha kunyoa. Akasema, "Huyo ameshachagua. Wewe bado." Nikamwambia, mimi si niko kwako? Akasema, "Uko kwangu. Sijui kama ulikuja au ulifukuzwa."

Nililala na maneno hayo wiki nzima, nikiyachukia.

Jumamosi asubuhi nilikwenda ukumbini na binti. Kwanza tulikuwa tumekwenda kwa baba yake, akamwambia ukweli mbele yangu. Mfamasia alitaka kwenda polisi saa ile ile. Binti akamwomba amwache aingie ukumbini kwanza kwa miguu yake. Baba akakubali, akatufuata, akasimama mlangoni na koti lake jeupe la kazi.

Kapteni alikuwa anafundisha, watu wanane. Akatuona. Akasema, "Hapa hawakai waliokimbia." Nikamwambia nimekuja kufanya mazoezi. Akatabasamu lile tabasamu lake, akasema, "Vaa."

Nikavaa. Niliweka pamba sikioni na kitambaa juu yake. Nikafunga kamba, nikainuka. Tulipambana. Nilimpiga kifundo cha mkono, safi, kila mtu alisikia. Pigo lake lililofuata lilikuwa pajani. Nikaendelea. Juu ya kiwiko. Nikaendelea. Paja tena, lile lile, nikajua amesahau kwamba mlangoni kuna mtu.

Hapo nikashusha upanga. Nikarudi nyuma, nikapiga magoti, nikafungua kamba, nikavua kofia, nikaiweka chini mbele yangu kama ulivyotufundisha. Nikasema kwa sauti, "Paja halina pointi."

Akasema, "Inuka."

Nikasema, "Paja halina pointi. Nani mwingine hapa amepigwa paja?"

Mjomba, kulikuwa kimya mpaka nikadhani sikio la pili nalo limekufa. Kisha nikamwona dereva wa lori. Akapiga magoti, na akipiga magoti yule ni kama nyumba inakaa. Akavua kofia, uso umelowa, akasema, "Mimi." Akafuata mwalimu wa shule ya msingi. Akafuata yule fundi wa redio na mke wake. Mmoja mmoja wakakaa, wakavua, wakaweka kofia chini. Kapteni akapiga kelele, "Simameni! Nimesema simameni!" Aliwapigia kelele mpaka sauti ikakwama. Hakuna aliyesimama. Alibaki yeye peke yake katikati na kofia yake kichwani, anageuka huku na huku, na hakuna wa kupigana naye.

Alitoka kwa mlango wa nyuma. Jioni akaja na kufuli kubwa, akafunga ukumbi. Umefungwa mpaka leo. Mfamasia ameshaandikisha maelezo yake polisi, mimi nimeandika yangu, na cheti cha daktari wa masikio nimekipeleka.

Unaweza kuniita unavyotaka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ngoja nao ukuingie na wewe.

Mpwa wako, ukitaka, usipotaka basi


1 Oktoba

Mpwa wangu,

Hukunipa shikamoo. Nimeliona hilo, na nimelimeza.

Barua yako nilimpa dada yako aisome. Nilitegemea atakasirika pamoja nami. Aliisoma amesimama, hajavua hata kofia ya kazi. Alipomaliza akaniuliza, "Baba, wewe ulidhani mimi niliacha kendo kwa nini?"

Nikamwambia, "Ulisema unataka kusoma."

Akasema, "Ndiyo, ndivyo nilivyosema." Akaingia jikoni akafungua maji ya bomba, akayaacha yakitiririka muda mrefu bila kuosha kitu.

Tulipoongea tena ilikuwa kesho yake. Aliyonieleza kuhusu kaka yake ni yake, siwezi kuyaweka kwenye barua yako. Alikuwa na miaka kumi na tano. Mimi nilikuwa hai, nina macho mawili, naishi nyumba hiyo hiyo.

Nilimpigia mwanangu simu. Unajua sipendi simu, mtu hana nafasi ya kufuta neno. Akaanza, "Baba, huyo mpwa wako ananitafuta. Mimi nilikuwa nawakomaza tu, kama ulivyonikomaza."

Nikamwambia, "Mimi nimewahi kukupiga paja?"

Akasema, "Mambo yamebadilika, baba."

Nikamwambia, "Nijibu. Wewe una daraja la tatu. Paja lina pointi?"

 Nikasikia redio ya mtu mtaani kwake.

"Nakuuliza. Paja lina pointi?"

Akasema, "Halina."

Basi. Asiyejua unamfundisha. Huyu alijua. Nilikata simu, nikakaa kitandani na zile fimbo zangu mbili, nikawa natafuta cha kuvunja, na kila kitu chumbani humu ni cha dada yako.

Sikiliza sasa. Nimemwambia atoe kufuli na asikanyage tena ukumbini, na polisi wakimwita aende, mimi sitamtafutia mtu wa kumwombea. Nakuja mwenyewe mwisho wa Novemba, daktari atake asitake. Nikishuka sitaanzia kwa mama yako. Nitaanzia kwa mfamasia. Nitakaa kwenye kiti atakachonipa au nitasimama kama hatanipa, na nitamsikiliza mpaka amalize. Mwanangu nitamwona baadaye. Sijui nitamwambia nini.

Na wewe usidhani tumemalizana. Nina hasira na wewe kuliko ulivyo na hasira na mimi. Ulikuwa na sikio linalotoka usaha, ukakaa ukaniandikia habari za meno ya bandia. Ulinifanya mgonjwa ambaye haambiwi kitu. Mama yako na wewe mliamua ninaweza kubeba nini na siwezi kubeba nini. Mimi ndiye niliyekufundisha kusimama mbele ya mtu, ukaenda kusimama mbele ya kila mtu isipokuwa mimi.

Najua ulichotaka kujibu hapo. Najua na nilivyokujibu Mei. Usiliandike.

Kapteni ameondoka ukumbini. Kwa hiyo huna tena sababu ya kukaa kwa Kinyozi. Rudi kwenye kendo.

Mjomba wako


25 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo.

Kufuli limetoka. Tumefagia ukumbi, tumepaka rangi ukuta wa nyuma uliokuwa na unyevu. Binti wa mfamasia anafanya mazoezi na mke wa fundi wa redio. Mkono haunyooki lakini pigo lake la kichwani limekuwa la ajabu, linatokea pembeni, hakuna anayelitegemea. Dereva wa lori ameshapigwa mara nyingi na anafurahi kama mtoto. Mama amefua mashuka ya kitanda chako mara mbili na sasa anaongea, ingawa akiongea nami anatazama dirishani. Jana aliniambia, "Heri ningekuacha useme mapema," kisha akaniuliza kama nimenunua chumvi. Nikamwambia nimenunua. Bado namkasirikia, lakini mama ni mama, na magoti yake ni kweli yanauma.

Kuhusu lile la Mei, sitaliandika kama ulivyoomba. Ila sijalisahau. "Sikio litapona." Daktari wa wiki iliyopita amesema halitapona. Nakuambia ili ujue, maana umesema unataka kuambiwa.

Kuhusu kunitaka nirudi kwenye kendo, jibu ni hapana.

Naomba unielewe, na usipoelewa uvumilie. Januari niliingia kwa Kinyozi nikikimbia. Hapo ulisema kweli, na kukuandikia hivyo kunaniuma kuliko paja. Nilikuwa nachomoa ule upanga, na adui niliyekuwa namkata alikuwa na sura ya mwanao kila siku. Lakini Jumamosi ile nilivaa kofia tena, nikapambana, nikapiga kifundo cha mkono pigo zuri kuliko yote ya maisha yangu, na nilipovua nikajiuliza kama nimelikosa lile joto. Sikulikosa. Jumatatu nilipanda kwa Kinyozi, nikapiga magoti, nikachomoa upanga, na mbele yangu hapakuwa na sura ya mtu yeyote. Mara ya kwanza. Mkono ulikwenda wenyewe. Kinyozi akanitazama, akasema, "Eh, umefika." Akashuka kunyoa watu.

Kwa hiyo nimechagua iaido. Sikuichagua kwa ajili ya mwanao, wala kwa kukukomoa wewe. Binti wa mfamasia amechagua kendo, na aliyemvunja mkono hakumvunja hilo. Umpokee vizuri. Hatakupa heshima ya bure. Atakuuliza maswali, na mengine hutayapenda. Mimi ukumbini kwako nitakuja kushona glavu, na safari hii nitalipwa.

Mfamasia nimemwambia unakuja. Akasema, "Aje." Sikuona usoni mwake kama ni heri au shari, na sikumuuliza. Utakwenda ujue mwenyewe.

Basi lako linaingia saa nne asubuhi. Nitakuwepo, nimeshaomba ruhusa kazini. Nitasimama upande wako wa kushoto ili sikio langu zima liwe kwako, na begi lako nitalibeba mimi hadi mlangoni kwa mfamasia, ukitaka hata wewe mwenyewe nitakubeba. Maneno ya njiani usiyategemee.

Mpwa wako